Iceland "haijaguswa na mkono wa mtu"? Si kweli

Picha za Iceland zikisambaa mitandaoni, maelezo yanayoambatana nazo huwa yaleyale: hii ndiyo nchi nzuri kuliko zote, na mwanadamu hajapata nafasi ya kuichezea. Uzuri upo, wala sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na hilo la pili. Watu wameishi katika kisiwa hiki tangu karne ya 9, na baadhi ya mandhari yanayopigwa picha kuliko yote yana alama za mikono yao waziwazi.

Chukua Blue Lagoon, lile dimbwi la maji ya buluu ambamo watalii hujipaka tope jeupe usoni. Wengi huamini ni chemchemi ya asili. La hasha, ni maji yaliyokwisha kutumika kuzalisha umeme. Kituo cha jotoardhi cha Svartsengi kilianza kazi mwaka 1976 katika rasi ya Reykjanes. Maji yanayopanda kutoka chini ya ardhi hapo ni ya moto na yana chumvi, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni maji ya bahari yaliyopenya kwenye miamba, hivyo hayafai kupelekwa moja kwa moja kwenye mabomba ya majumbani. Kituo kiliyachota joto, kisha kikayamwaga nje juu ya lava, yaani mawe ya volkano yaliyoganda. Lava ina matundu mengi, na ilitarajiwa kwamba maji yangezama na kupotea. Hayakupotea. Yalikuwa na madini mengi ya silika, ambayo yalipopoa yaliganda na kuziba matundu, dimbwi likatuama. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wenye ugonjwa wa ngozi wa soriasisi wakaanza kuoga humo, wakasema wanapata nafuu. Mwaka 1987 yakafunguliwa mabafu kwa umma.

Hata ule ubuluu si rangi ya maji. Chembe za silika hutawanya mwanga wa jua, na jicho likaona buluu; ukiyachota kwenye glasi utayaona meupe kama maziwa. Wasomaji wa Kenya hawatashangaa sana, maana Olkaria, karibu na Naivasha, kuna bwawa la kuogelea la namna hiyohiyo kando ya mitambo ya jotoardhi, na wataalamu wengi wa Kenya katika fani hiyo wamesomea Iceland.

Dhana ya pili ina mizizi mirefu zaidi: eti Iceland haina miti kwa sababu ya baridi. Wastani wa joto la Januari katika mji mkuu, Reykjavik, ni karibu nyuzi 0 tu, kwa sababu mkondo wa bahari wenye joto hupita karibu na kisiwa. Miji mingi ya bara yenye misitu mikubwa ina baridi kali kuliko hiyo. Ari Þorgilsson, mwanahistoria wa karne ya 12, aliandika kwamba walowezi walipofika, nchi ilikuwa na miti kuanzia milimani hadi pwani. Huenda alitia chumvi kidogo, lakini watafiti nao wanakadiria kwamba robo ya nchi au zaidi ilikuwa na vichaka na misitu ya mibetula (miti ya birch). Walowezi waliikata kwa kuni, kwa kujengea, na kwa makaa ya kufulia chuma. Kondoo wakamalizia: kila chipukizi kilichojitokeza kiliishia tumboni. Udongo wa volkano ni mwepesi, na bila mizizi ya kuushika, upepo ukaupeperusha. Kufikia katikati ya karne ya 20 ilikuwa imebaki takriban asilimia 1. Ule uwanda mtupu mweusi unaosifiwa kuwa "kama mwezini", kwa sehemu kubwa, ni shamba lililochoka. Sasa wanapanda miti kwa bidii, ingawa bado mifupi, na wenyewe hutaniana: ukipotea katika msitu wa Iceland, simama tu.

Na yale maua ya zambarau yanayofunika vilima mwezi Juni? Ni lupini, mmea uliotoka Alaska. Mkuu wa idara ya misitu aliuleta mwaka 1945 ili urutubishe udongo na kuzuia mmomonyoko. Umefanya kazi hiyo vizuri mno, kiasi kwamba leo wengine wanaupenda na wengine wanataka ung'olewe.

Mtalii anayekwenda Geysir, chemchemi maarufu inayorusha maji ya moto hewani, naye hurudi na picha ya jirani yake, Strokkur. Geysir yenyewe hulala kwa miaka mingi. Hapo zamani watu waliitilia sabuni ili iruke. Strokkur ndiyo inayorusha maji kila baada ya dakika 6 hadi 10, lakini nayo ilizibwa na tetemeko la mwaka 1896, ikakaa kimya hadi mwaka 1963 wenyeji walipochimba na kuizibua.

Þingvellir, bonde lenye kuta za miamba, ni kazi ya asili kweli, ila hapo wageni huambiwa jambo jingine: ukuta mmoja ni Amerika, mwingine ni Ulaya. Mabamba ya dunia, yaani vipande vikubwa vya gamba lake, yanaachana hapo kwa takriban sentimita 2 kwa mwaka, lakini mpaka wake si ufa mmoja. Ni ukanda wenye upana wa kilomita kadhaa, uliojaa nyufa, na sakafu yake inatitia, kama ilivyo kwa Bonde la Ufa kwetu.

Maporomoko ya Gullfoss yana shujaa wake, Sigríður Tómasdóttir. Husimuliwa kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 alitishia kujitupa majini yakijengewa bwawa la umeme, na hivyo akayaokoa. Alipigana kweli, akasafiri hadi Reykjavik kufuata kesi, lakini mahakamani hakushinda. Mkataba wa kuyakodisha maporomoko ulivunjika mwaka 1929 kwa sababu wawekezaji hawakulipa kodi ya pango. Wakili wake, Sveinn Björnsson, akawa rais wa kwanza wa Iceland mwaka 1944, na Gullfoss ikatangazwa hifadhi mwaka 1979.