Santuri ya Kubuni Si Santuri Bandia

Santuri ya kubuni ni rekodi ya muziki iliyopo ndani ya hadithi peke yake: ina jina, ina mwanamuziki, ina orodha ya nyimbo na pengine mwaka wa kutolewa, lakini hakuna studio iliyowahi kuirekodi wala duka lililowahi kuiuza. Ikilazimu ionekane kwenye filamu, hutengenezwa kifaa cha kuiwakilisha, kile ambacho waandaaji wa filamu hapa Nairobi hukiita propu. Maana yenyewe ni hiyo, na nisingeona haja ya kuiandika kama juzi, baada ya kutazama filamu fupi ya njozi inayohusu mji wa majini, nisingesikia kitu hicho kikiitwa “santuri bandia” mara tatu katika jioni moja, tena na watu wanaokipenda Kiswahili na wanaoijua filamu kuliko mimi.

Naelewa kosa linakotoka. Kamusi za zamani huanza kulieleza neno bandia kwa mwanasesere: bandia, au mtoto wa bandia, ni kile kitoto cha matambara ambacho msichana mdogo hukibeba mgongoni, hukilaza na kukibembeleza. Msichana huyo hadanganyiki wala hamdanganyi mtu, kwa kuwa anajua fika kwamba kitoto chake hakitalia usiku, na mchezo wake unanoga hivyo hivyo. Neno hilo hilo ndilo tunalolitumia kwa vitu vilivyotengenezwa vishike nafasi ya vile vya maumbile, na ndiyo sababu twasema meno bandia na mguu bandia bila kumshuku daktari wala mgonjwa. Kisha kuna noti bandia, dawa bandia, mbegu bandia na vyeti bandia, na hapa hila imekwisha kuingia. Msomaji wa magazeti ya Kenya hukutana na maana hii ya mwisho mara nyingi mno, hata ile ya mwanasesere imebaki kwa wazee na wanafunzi wa lugha, jambo ambalo mimi hulisikitikia.

Hata hivyo, maana zote tatu zinakutana mahali pamoja: bandia haikosi kuwa na asili yake. Mwanasesere ana mtoto anayemwiga, mguu bandia una mguu uliokatwa, na noti bandia ya shilingi elfu moja isingeweza kumdanganya hata mtu mmoja kama noti halali ya shilingi elfu moja isingekuwapo. Je, santuri ya waimbaji wa mji wa majini inaiga santuri ipi? Waimbaji hao hawapo, wimbo wao haupo, na hakuna nakala ya kwanza ambayo hii ingesemekana imeifuata. Aliyeitunga hakuiga kitu, alibuni, kama anavyobuni mwandishi wa riwaya mtaa na watu wake, na sisi wasomaji hatuthubutu kumwita mhusika wa riwaya mtu bandia.

Isitoshe, santuri bandia zipo, na jina hilo ni lao. Ni zile zinazonakiliwa kwa wizi kutoka kazi ya mwingine, lebo ikaigwa na jalada likaigwa, kisha zikauzwa kana kwamba ni za asili. Jiji hili linaujua uchungu wa kuibiwa kazi kwa namna hiyo, kwa kuwa wanamuziki na wauzaji wa River Road, waliokuwa wakiishi kwa mauzo ya santuri, waliumizwa vibaya na kaseti zilizonakiliwa bila idhini. Leo mtu anayetafuta santuri kuukuu katika Soko la Kenyatta akiambiwa kwamba ile aliyoishika ni bandia, ana haki ya kuiweka chini na kuondoka. Tukiupachika ubandia kwenye kazi ya ubunifu, tutamwonya vipi mnunuzi huyo?

Baada ya mazungumzo ya jioni ile, dada aliyekuwa akitunza vifaa vya filamu alinikubalia niishike santuri yenyewe. Ilikuwa santuri halisi ya inchi 12, yenye mikwaruzo ya miaka mingi, iliyobandikwa lebo mpya ya karatasi juu ya ile ya kwanza, na ukingo mwekundu wa lebo ya zamani ulikuwa ukichungulia upande mmoja. Lebo mpya ilitaja nyimbo tano. Niliiinamisha chini ya taa nikahesabu zile nafasi pana ambazo mfuo wa santuri huacha kati ya wimbo na wimbo, nikaona mbili tu, yaani upande ule ulikuwa na nyimbo tatu. Kwa hiyo sahani ni ya kweli, muziki uliomo ndani yake ni wa kweli nao ni wa mtu mwingine kabisa, na muziki uliotajwa juu yake ni wa kubuni. Kinyume chake kinawezekana pia: kwenye albamu yao maarufu ya mwaka 1967, Beatles walijifanya bendi nyingine ambayo haikuwapo, na santuri hiyo ni halisi kama santuri yoyote ile.

Lebo ile ilikuwa na jambo jingine lililonivutia. Ilitaja mwaka 1946, na chini yake kasi ya mizunguko 33⅓ kwa dakika, ilhali santuri ndefu za kasi hiyo zilizinduliwa na Columbia nchini Marekani mwaka 1948, na kabla ya hapo watu majumbani walipiga hasa zile nzito za mizunguko 78, zinazovunjika kama kigae. Kama hadithi ingekuwa ya Nairobi ya mwaka 1946, hilo lingekuwa kosa la wakati. Kwa kuwa ni ya mji wa majini, wenye kalenda na mafundi wake, halina ubaya. Kitu cha kubuni hupimwa kwa ulimwengu wake, na kitu bandia hupimwa kwa asili yake.

Dada yule alikuwa ameandika “SANTURI BANDIA” kwa kalamu nene kwenye katoni ya kuhifadhia. Nilipomweleza haya alicheka akaniuliza, “Lakini Mwalimu, si zote ni feki tu?” Nikamwomba, kwa kuwa kalamu ilikuwa bado mkononi mwake, alikate neno la pili aandike “ya kubuni”, na chini yake, kwa herufi ndogo, aandike jina la mwanamuziki ambaye sauti yake imefunikwa na ile karatasi, kama bado linasomeka.