Kabla hamjaenda kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika

Wakulima wa korosho huku Kusini mwa Tanzania wakiniita niwasaidie kuanzisha AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao, mara nyingi unakuta jina lipo, mwenyekiti yupo na mhuri umeshachongwa. Mimi nawarudisha mwanzo kabisa, kila mmoja anavuna kilo ngapi kwa msimu, na je zote zitapita ghalani au zingine zinaenda kwa kangomba, wale walanguzi wanaonunua nje ya chama, hapo ndo kikao kinakuwa kirefu manake watu hawajawahi kusemeana hizo hesabu.

Na hizo hesabu ndo kazi yenyewe. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 inataka ombi la usajili liende na upembuzi yakinifu, yaani hesabu za kuonyesha kama chama kitaweza kujiendesha, sasa wengi wanamlipa kijana wa steshenari awaandikie wampelekee afisa ushirika basi. Mimi siwaandikii. Tunakaa na daftari tunapiga: makato ya chama kwa kila kilo, zidisha kwa mzigo wa mwaka mbovu, sio ule mwaka mzuri kila mtu anaoukumbuka, halafu toa mshahara wa katibu, mlinzi, mizani, kodi ya ghala na gharama za ukaguzi. Kisheria wakulima ishirini na kitu wanatosha kusajiliwa ila kama kila mtu ana eka mbili tatu za mikorosho mahesabu mara nyingi yanagoma, na hapo nasema wazi jamani ungeni na AMCOS ya kijiji jirani. Wengine wananuna, sawa tu, bora kununa sasa kuliko kuchangishana madeni baadaye.

Mfadhili akitokea na mashine ya kubangua kabla watu hawajalipa hisa namuomba asubiri. Asiyeweka hata elfu kumi yake hatauliza mapato na matumizi, nimeliona hili sana.

Masharti ya chama nayo tunayasoma kwa sauti kifungu kwa kifungu, wabishane, hasa kile cha mwanachama anayeuza nje ya chama. Katibu mpya nampeleka AMCOS kongwe msimu wa makusanyo akae pale kwenye mizani, aone stakabadhi zinavyoandikwa na mkulima akilalamikia kilo anajibiwaje, hilo semina haifundishi.

Mkutano mkuu wa kwanza baada ya COASCO, shirika la serikali la ukaguzi wa vyama vya ushirika, kukagua hesabu nakuja kama mwalikwa tu, maswali ya hela bodi wajibu wenyewe.