Je, wajua kwa nini matendo ya huruma ni saba, ilhali Yesu alitaja sita?

Mkatoliki aliyesoma katekisimu vizuri atakutajia matendo ya huruma ya kimwili bila kusita: kuwalisha wenye njaa, kuwanywesha wenye kiu, kuwavika walio uchi, kuwakaribisha wageni, kuwatazama wagonjwa, kuwatembelea wafungwa, kuzika wafu. Saba. Sasa fungua Mathayo 25, pale Mwana wa Adamu anapoketi katika kiti cha utukufu wake na kuwatenga watu kama mchungaji atengavyo kondoo na mbuzi. Hesabu: njaa, kiu, mgeni, uchi, mgonjwa, kifungoni. Sita. Habari ya maiti haimo.

La saba limetoka katika kitabu cha Tobiti, kilichomo katika Biblia ya Wakatoliki na Waorthodoksi. Katika Biblia nyingi za Waprotestanti hutakikuta.

Tobiti ni Mwisraeli aliyehamishwa kwa nguvu mpaka Ninawi. Sikukuu ya Pentekoste ameandaliwa chakula kizuri, na kabla hajagusa kitu anamtuma mwanawe, Tobia, akawatafute ndugu maskini waje wale pamoja. Tobia anarudi peke yake: kuna mwenzetu ameuawa, ametupwa sokoni. Mzee anainuka mezani hajaonja hata tonge, anauchukua mwili, anauficha chumbani mpaka jua lizame, kisha anachimba kaburi. Majirani wanamcheka. Wanajua kwamba aliwahi kusakwa auawe kwa sababu hiyohiyo, kuwazika watu waliouawa na mfalme Senakeribu, akakimbia na mali yake yote ikachukuliwa.

Mimi hapo ndipo huguswa zaidi: mkono uliotaka kumlisha maskini ndio ule ule ulioshika udongo wa kaburi, jioni moja.

Wakristo wa kwanza walilishika jambo hili kwa vitendo. Mwaka 362 kaisari Juliani, aliyeuacha Ukristo na kutaka kuihuisha miungu ya zamani, alimwandikia kuhani wake mkuu wa Galatia akieleza kilichoukuza Ukristo: wema kwa wageni na uangalifu katika kuzika wafu. Ushahidi huo umetoka kwa mpinzani wao, kwa hiyo una uzito.

Lakini maiti hasikii njaa wala baridi. Huruma ya nini? Swali hilo mwanateolojia Thoma wa Akwino alilikabili katika karne ya 13. Alikubali kwamba maiti hana hisia, ila akasema mtu akiwa hai huupenda mwili wake, na watu wema huguswa na pendo hilo hata baada ya kifo chake. Nami naona ndiyo sababu tendo hili linakaa vyema kando ya yale sita. Katika Mathayo, wale wa mkono wa kuume wanashangaa: Bwana, ni lini tulipokuona? Hawakuwa wakiweka hesabu. Na anayemzika mtu asiye na ndugu hana wa kumshukuru.

Mwaka 1607 mchoraji Mwitalia Caravaggio aliyachora yote saba katika picha moja, kwa ajili ya kanisa la Pio Monte della Misericordia mjini Napoli, na bado imo humo juu ya altare. Wafu wamewakilishwa na miguu miwili tu, mitupu, inayotokea kwenye kona ya ukuta. Mtu mmoja ameishika, na nyuma yake mhudumu wa kanisa ameinua mwenge. Uso wa marehemu hauonekani.