Mpandishe mbwa kwa dalili, si kwa kalenda

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wafugaji wa mbwa hapa Unguja ni la siku. "Daktari, jike nimpeleke kwa dume siku ya ngapi?" Na anayeuliza mara nyingi ana jibu lake tayari, kaambiwa na mwenzake au kalisoma kwenye simu: siku ya 10 na siku ya 12 tangu damu ianze. Jibu hilo si la kutupa, kuna majike linawafaa. Tatizo ni kwamba kuna wengi haliwafai, na kwetu sisi lina kasoro ya ziada: hiyo siku ya kwanza yenyewe hatuijui.

Mbwa wengi wa kwetu ni wa kazi. Wanalinda mihogo na migomba isiliwe na kima na nguruwe mwitu, wanakwenda porini na wasasi, wanalinda mbuzi usiku, au wanakaa getini kwenye nyumba na hoteli za Nungwi na Paje. Dini imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, hilo halina mjadala. Lakini najisi yake nayo ipo, na kwa madhehebu yetu ya Shafi mate yake yakikupata ni kuosha mara 7, moja kwa udongo. Basi mbwa analala nyuma ya nyumba, chakula anasukumiwa kwa mbali, na hakuna anayemwinua mkia kumtazama. Jike naye hujilamba, akajisafisha damu yote ya siku za mwanzo. Mwenyewe anashtuka siku anapoamka kwa sala ya alfajiri akakuta madume ya mtaa mzima yamelala nje ya uzio. Hapo ndipo anapoanza kuhesabu moja, na kumbe jike yuko siku ya saba au ya tisa.

Mzee mmoja wa upande wa Kitogani alinipigia akilalamika kuwa jike lake kalipeleka siku ya 12 likakataa katakata, likamng'ata na dume. Nikamuuliza, "Mzee, damu uliiona lini?" Akasema damu hakuiona, aliona madume. Kwa kuhesabu tangu siku ya madume alikuwa amechelewa, na wala si kwamba amewahi.

Sasa tuje kwenye mwili wenyewe. Joto la mbwa, yaani majira ya jike kutaka dume, lina vipindi viwili vinavyotuhusu. Cha kwanza jike anavimba uke, anatoka damu nyekundu, madume wanamfuata lakini yeye hakubali. Anakaa chini au anageuka kung'ata. Hiki huchukua kama siku 9 kwa wastani, ila nimesema wastani: kuna jike atakayemaliza kwa siku 3 na mwingine akafika 17. Cha pili ndicho cha kukubali dume, nacho vilevile ni kama siku 9, na kinaweza kuwa kifupi sana au kikavuka wiki 2. Ukichanganya vipindi hivyo viwili utaona kwa nini siku ya 12 kwa jike mmoja ni mapema mno na kwa mwenzake mlango umeshafungwa.

Kuna jambo jingine ambalo mbwa anatofautiana na ng'ombe na mbuzi, na watu waliozoea ng'ombe hupotoka hapa. Yai la ng'ombe likitoka liko tayari, na baada ya saa chache limekwisha. Yai la mbwa likitoka bado ni changa. Linahitaji siku 2 hadi 3 zaidi ndani ya mirija ndipo lipevuke, kisha linabaki hai siku nyingine mbili tatu. Mbegu za dume mwenye afya nazo hukaa hai ndani ya jike siku 5 hata 7. Ndiyo maana mbwa koko hahitaji kalenda. Na ndiyo maana pia jike aliyepandwa mapema na dume la mtaani, kisha akapandishwa na dume ulilochagua, anaweza kukuzalia mchanganyiko, baadhi wa huyu na baadhi wa yule, tumbo moja.

Kipimo bora cha kujua wakati ni damu, yaani kupima homoni ya projesteroni. Inapofika kama nanogramu 2 kwa mililita, yai linakaribia kutoka. Ikifika 5 hivi, limetoka. Unapandisha siku 2 hadi 4 baada ya hapo. Anayefuga mbwa wa thamani, au anayetaka kusafirisha jike kwa boti kutoka Pemba kwa ajili ya mara moja tu, agharamie kipimo hicho. Njia ya pili ni mimi kuingiza pamba ukeni, kuipaka kwenye kioo na kutazama kwa hadubini: jinsi joto linavyokomaa, seli zinageuka kuwa kubwa, bapa, zenye kona kama vipande vya karatasi iliyochanwa. Hainiambii siku ya yai kutoka, lakini inaniambia tumeingia kipindi cha pili au bado.

Wengine wote, ambao ndio wengi, watumie macho. Mwekee jike kipande cha shuka nyeupe mahali anapolala tangu unapokaribia mwezi wa 6 baada ya joto lililopita, maana wengi hurudi kila miezi 6 hadi 7. Doa la kwanza ndiyo siku ya kwanza, liandike. Kisha kila siku vaa glavu, umtazame. Damu nyekundu nzito itapauka mpaka iwe kama maji ya kuoshea nyama, halafu rangi ya majani makavu. Uke uliokuwa umevimba na kukaza unalegea. Mkune kiunoni, juu kidogo ya shina la mkia, kwa mkono ulio na glavu: akikubali utaona anasimama imara, mkia anaupeleka upande mmoja na uke unainuka juu. Siku hiyo ndiyo ya kuanzia. Hutaki glavu? Tumia ncha ya fimbo laini, atakujibu vilevile.

Ila usidanganywe na jambo moja: wapo majike wanaoendelea kutoka damu nyekundu mpaka mwisho na wanashika mimba vizuri tu. Mkia una uzito kuliko rangi.

Mpandishe siku anayosimama, ruka siku moja, rudia, na kama bado anakubali rudia mara ya tatu. Kila siku hakuna faida, unamchosha dume bure. Jike ndiye anayepelekwa kwa dume, kwa sababu dume akiwa ugenini anashughulika na kunusa kuta. Kama anatoka mbali afike siku mbili kabla, atulie. Msimu wa kaskazi, Disemba mpaka Februari, fanya baada ya alfajiri au baada ya magharibi. Jua la saa 8 mchana linawamaliza wote wawili kabla kazi haijaanza.

Wakishapandana watanasana, migongo inaelekeana, dakika 5 mpaka 30, pengine zaidi. Watoto wa mtaani kuwamwagia maji au kuwapiga fimbo ndiyo mchezo wao, na ni hatari kweli: uume umevimba ndani, ukiwavuta unachana. Mmoja ashike jike kichwa, mwingine dume, mngojee waachane wenyewe. Kumwinua jike miguu ya nyuma baadaye hakuna haja.

Kabla ya yote hayo nitazame dume. Huku kwetu penye mbwa wanaozurura kuna uvimbe wa zinaa, nyama inayochanua kama koliflawa kwenye uume au ukeni, inatoa matone ya damu, na inahama kutoka mbwa hadi mbwa kwa kupandana. Unatibika kwa sindano za vinkristini, lakini ni tiba ya wiki kadhaa. Ukiona matone ya damu kwa dume, hapandishi. Chanjo ya kichaa cha mbwa wote wawili wawe nayo kabla, na kupe wawe wameondolewa mapema.

Halafu inakuja sehemu ambayo watu huiharibu kwa mapenzi. Jike kapandishwa Jumatatu, Jumanne anapikiwa mapochopocho. Wiki 5 za mwanzo vijusi ni vidogo sana, vinajishikiza kwenye kizazi karibu siku ya 18 hadi 20, na mama hahitaji zaidi ya chakula chake cha kawaida. Ukimnenepesha sasa utamtesa kuzaa. Ongeza kidogo kidogo kuanzia wiki ya 6, mpaka mwishoni ale kama robo hadi nusu zaidi, kwa milo midogo mara 3 au 4, kwa sababu tumbo limebanwa. Ugali na dagaa waliochemshwa, vichwa vya samaki vilivyotolewa miiba, ini mara mojamoja: vinatosha. Mabaki ya pilau na mchuzi wa hoteli usimpe, kitunguu maji na kitunguu thomu vinaharibu damu ya mbwa. Na vidonge vya kalsiamu acha kabisa wakati wa mimba. Ukimjaza kalsiamu, mwili unasahau kuitoa wenyewe kwenye mifupa, halafu akianza kunyonyesha inashuka ghafla, anatetemeka na kukakamaa.

Kitu cha kwanza baada ya kupandishwa ni kufuli. Bado ana siku kadhaa za kukubali dume, na uzio wa makuti haujawahi kumzuia dume mwenye nia. Mfungie ndani mpaka akatae madume wote.

Akichafuliwa na mbwa koko, msimchome sindano ya uzazi wa mpango ya binadamu. Najua inauzwa, najua mtu atakwambia kaifanya. Homoni hizo hutayarisha kizazi kwa usaha, na nimefungua matumbo ya majike waliopewa. Niletee mapema tuzungumze, au kama humtaki azae maisha, tumfunge kizazi. Mbwa wasio na wenyewe mitaani wametosha.

Dawa nazo wakati wa mimba. Doksisaiklini ya magonjwa ya kupe, dawa za kundi la kotikosteroidi, chanjo zenye virusi hai na josho la kupe la amitrazi viepukwe. Minyoo ya tumboni hupita kwa mama kwenda kwa watoto kabla hawajazaliwa, kwa hiyo fenbendazoli kuanzia siku ya 40 kwa kipimo cha daktari inasaidia.

Kujua kama ana mimba: nikimpapasa kati ya siku ya 25 na 30 nahisi vinundu, na ultrasaundi huonyesha mioyo inapiga. Vipimo vya mkojo vya wanawake havisemi lolote kwa mbwa. Matiti kuvimba wiki ya 7 pia hakuthibitishi. Jike aliyemaliza joto, ana mimba au hana, homoni zake zinafanana, na wengine hutoa hata maziwa na kubeba viatu wakavilea. Jambo la kuogopa ni jike anayekunywa maji kupita kiasi, hataki kula, na ananuka usaha nyuma, wiki 2 hadi 8 baada ya joto. Huyo aletwe siku hiyohiyo.

Tangu yai kutoka mpaka kuzaa ni siku 63, zaidi au pungufu moja. Ukihesabu kutoka siku ya kupandishwa utapata kati ya 57 na 72, ndiyo maana wenye tarehe ya projesteroni hulala usingizi. Aliyepandishwa katikati ya Januari atazaa masika yanapoanza, basi banda liezekwe kabla, sakafu iinuliwe. Kuanzia siku ya 57 mpime joto njiani mwa haja asubuhi na jioni. Likishuka chini ya nyuzi 37, atazaa ndani ya saa 24 hivi. Akitoka ute wa kijani na hakuna mtoto aliyetangulia, au akikaza nusu saa bila kutoa, usingoje kupambazuke.