Je, mwanajeshi wa zamani aishiye mbali lazima aifuate hospitali ya maveterani?

Wengi huamini kwamba nchini Marekani mwanajeshi wa zamani aishiye mashambani hana budi kusafiri hadi hospitali ya serikali ya maveterani, hata ikiwa mbali kiasi gani, la sivyo ajilipie mwenyewe. Imani hiyo haikuzuka hivi hivi, kwani kwa muda mrefu ndivyo wengi walivyotibiwa. Hata hivyo, chini ya sheria ya mwaka 2018, ambayo vigezo vyake vilianza kutumika Juni 2019, aliyejiandikisha katika mfumo wa matibabu ya maveterani anaweza kupelekwa kwa daktari wa karibu, serikali ikilipa, iwapo wastani wa safari ya gari unazidi dakika 30 kwa huduma za msingi au za afya ya akili, au dakika 60 kwa daktari bingwa. Kusubiri zaidi ya siku 20, au 28 kwa bingwa, nako humstahilisha. Kinachohesabiwa ni dakika, si maili. Kanuni ya zamani, iliyomruhusu aishiye zaidi ya maili 40 kutoka kituo cha maveterani kutibiwa kwingine, ndiyo bado inayowachanganya watu.

Kibali, kwa kawaida, hutangulia matibabu. Anayetaka kuhakikisha na apime safari yake kwenye ramani ya simu, kuanzia mlangoni pake, kisha aipigie kliniki yake na kuandika tarehe ya miadi aliyopewa.