"Mwalimu, imekataa!"

Nafundisha watoto wa darasa la tano na la sita kuandika programu hapa Mwanza, na hakuna maneno ninayoyasikia zaidi ya hayo. Mtoto ameshaachia kipanya, anasubiri nije nimrekebishie. Wazazi huniuliza watoto wao watatengeneza nini. Kinachonishughulisha mimi ni kile mtoto anachofanya baada ya kusema imekataa.

Tunatumia Scratch, iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007. Mtoto anapanga maagizo kwa kuunganisha vipande vya rangi, na ukishaiweka kwenye kompyuta huhitaji intaneti. Msichana mmoja alichora ziwa, akaweka mtumbwi na jiwe kubwa kama lile la Bismarck lililo ziwani hapa Mwanza. Akaandika sharti: mtumbwi ukigusa jiwe, usimame. Wapi! Ulipenya jiwe ukaendelea na safari.

Nilimuuliza: ulitegemea nini, na umeona nini? Kisha nikamzuia kubadilisha chochote kabla hajakisia kosa liko wapi. Programu yake ilitambua jiwe kwa rangi, akasema labda rangi hiyo aliikosea. Sawa, utajuaje? Alifikiri kidogo, akauanzishia mtumbwi safari juu ya jiwe lenyewe. Haukusogea hata kidogo. Kumbe rangi haina shida, na sharti linafanya kazi. Sasa mbona linafanya kazi mwanzoni tu? Akarudi kwenye maagizo yake, anasoma moja moja huku kidole kikiwa kwenye skrini, akakuta sharti ameliweka juu ya kitanzi cha kurudia, yaani kipande kinachorudia maagizo yaliyo ndani yake, badala ya kuliweka ndani. Kompyuta ilikagua mara moja tu, mtumbwi ukiwa bado ufukweni, na haikukagua tena.

Kwangu, lile wazo la kuuanzisha mtumbwi juu ya jiwe lina thamani kuliko mchezo wenyewe. Alikuwa na dhana, akatafuta njia ya kuipima, ikaanguka, akabaki na eneo dogo zaidi la kutafuta.

Uwezo huu hauji wenyewe kwa sababu tu mtoto amekaa mbele ya kompyuta. Seymour Papert na wenzake walibuni Logo, lugha ya kuandikia programu, mwaka 1967 wakiwa na matumaini makubwa juu ya fikra za watoto. Miaka ya 1980 watafiti Roy Pea na Midian Kurland waliwapima watoto waliojifunza Logo, wakakuta hawawazidi wenzao katika kupanga kazi. Lakini mwaka 1988 David Klahr na Sharon Carver walichapisha utafiti kuhusu watoto waliofundishwa waziwazi hatua za kusaka kosa: eleza tofauti uliyoiona, kisia aina ya kosa, tafuta sehemu inayohusika, rekebisha, jaribu tena. Hao walipiga hatua hata katika kusahihisha maelekezo yasiyohusu kompyuta, kama ya kufuata njia kwenye ramani. Ndiyo maana mwalimu anayemnyang'anya mtoto kipanya ili kazi iishe haraka ananisikitisha sana.

Kuna na suala la kuchagua cha kujaribu. Mvulana mmoja aliandika programu ya bei ya dagaa, yenye punguzo kuanzia kilo 10. Akajaribu 5, akajaribu 20, akaridhika. Mwenzake akaingiza 10 kamili, punguzo halikutoka, kwa kuwa sharti lilisema "zaidi ya 10". Siku hizi wanajaribu 9, 10 na 11 bila kuambiwa.

Umeme ukikatika hatuahirishi somo. Mmoja anasoma maagizo kwa sauti, mwingine anakuwa kompyuta: ana karatasi na penseli, anaandika kila namba inavyobadilika, na haruhusiwi kufanya ambacho hakikusomwa. Ugumu uko hapo, maana watoto hupenda kumsaidia mwenzao kwa kutekeleza alichokusudia badala ya alichoandika. Nikiona hivyo nawasimamisha, nawauliza agizo hilo liko mstari wa ngapi.