Wasifu wa pochi: kumsoma msanidi wa blokcheni kwa nyayo zake

Zamani kidogo, ukienda kwa wakala wa M-Pesa ulikuta daftari kubwa juu ya kaunta: tarehe, jina, namba ya kitambulisho, kiasi, saini. Mwenye macho mepesi aliweza kujua aliyemtangulia katoa shilingi ngapi. Blokcheni ni daftari la aina hiyo lililofunguliwa mbele ya dunia nzima, isipokuwa halina safu ya jina. Penye jina pana anwani ya pochi, yaani akaunti ya kidijitali ya mtumiaji. Kwa Ethereum, mojawapo ya blokcheni kubwa, ni 0x ikifuatiwa na herufi na tarakimu 40. Wasifu wa pochi ni picha unayoipata ukikusanya mistari yote ya anwani moja humo daftarini, ukajiuliza mwenyewe anafanya kazi gani, kaianza lini, na kaizoea kiasi gani.

Pochi ya mnunuzi wa kawaida haina mengi: kanunua, kauza, kahamisha. Ya msanidi, yaani mwandishi wa programu, ina alama yake. Muamala wa kutuma pesa una mtumaji na mpokeaji, lakini anayeweka mkataba erevu (programu inayojiendesha yenyewe ndani ya blokcheni) mtandaoni huacha sehemu ya mpokeaji tupu, na msimbo wake anaupakia kwenye sehemu ya data. Mtandao ukiupokea, mkataba unapata anwani yake mwenyewe, inayokokotolewa kutokana na anwani ya aliyeuweka na namba ya mfululizo ya muamala huo. Kwa hiyo uzazi wa mkataba haufichiki. Fungua mkataba wowote kwenye Etherscan, tovuti ya kusomea daftari la Ethereum, utaona umewekwa na anwani gani, kwa muamala upi.

Hiyo namba ya mfululizo wenyewe huiita nonsi, na mimi huanza nayo kabla ya kutazama salio. Inaanzia 0 na hupanda kila pochi inapotuma muamala. Pochi ambayo hesabu yake imefika 4 imetuma miamala minne tu, hata kama ukurasa wake umejaa mamia ya tokeni, yaani sarafu ndogondogo, za kila rangi. Tokeni hizo zililetwa na wengine. Mtu yeyote anaweza kukutumia chochote bila kukubishia hodi, na huna kitufe cha kukataa. Kinachomshuhudia mwenye pochi ni kile alichokisaini, yaani alichokiidhinisha kwa ufunguo wake wa siri.

Mfano mzuri ni pochi ya Vitalik Buterin, mmoja wa waanzilishi wa Ethereum. Mwaka 2021 ilikuwa na karibu nusu ya tokeni zote za Shiba Inu. Hakuzinunua, waliobuni sarafu hiyo ndio waliomtumia. Aliyesoma salio tu angesema huyu bwana kazama kwenye sarafu za mbwa. Mei mwaka huo akasaini mwenyewe: takriban trilioni 50 zikaenda kwenye mfuko wa kusaidia India wakati wa COVID-19, na trilioni 410 akazituma kwenye anwani isiyo na mwenyewe, ambako hazitoki tena. Miamala hiyo ndiyo iliyoonyesha msimamo wake. Mwaka uliofuata, Wizara ya Fedha ya Marekani ilipoiwekea vikwazo Tornado Cash, huduma ya kuchanganya pesa ili zisijulikane zimetoka wapi (viliondolewa Machi 2025), mtu asiyejulikana alianza kutuma ETH 0.1 (ETH ni sarafu ya Ethereum) kutoka huko kwenda kwenye pochi za watu mashuhuri, ili nao waonekane wamechafuka.

Ukishachuja vilivyoletwa, soma mwendo wa kazi. Pochi imeweka mkataba. Dakika tatu baadaye ikaweka mwingine unaofanana nao, kisha wa tatu. Huyo kagundua kosa, akarekebisha, akakosea tena. Kwenye mtandao wa majaribio kama Sepolia hilo ni jambo la kila siku. Kwenye mtandao mkuu, ambako kila jaribio linalipiwa ada ya gesi, yaani ada ya muamala kwa pesa halisi, ni dalili ya haraka au ya ugeni. Ufunguo mmoja hutoa anwani ileile kwenye Sepolia, Arbitrum, Base na mitandao mingine ya ukoo wa Ethereum, basi pitia kote. Tazama pia kama msimbo wa asili umechapishwa ukalinganishwa na ule uliomo mtandaoni, na ni anwani ngapi zinazouita mkataba. Hapa kuna mtego: anwani elfu moja zilizopata gesi kutoka mfuko mmoja, zikabonyeza mambo yaleyale kwa mpangilio uleule, huenda ni mtu mmoja na vivuli vyake.

Saa nazo husema kidogo. Kila bloku, yaani fungu la miamala linaloingia daftarini pamoja, ina muda wake, na pochi inayonyamaza usiku baada ya usiku kwa saa zilezile inakudokezea mwenyewe analala wapi. Nisingeweka dau juu ya hilo, kwa kuwa programu nazo husaini.

Kuna wasiosomeka kabisa. Miradi mikubwa huweka mikataba kwa pochi ya kutumika mara moja, kisha hukabidhi funguo kwa pochi ya saini nyingi, inayohitaji watu kadhaa waidhinishe pamoja. Aliyeandika maktaba ya msimbo inayotumiwa na wote anaweza kuwa na pochi tupu, maana kazi yake iko GitHub, ghala la msimbo mtandaoni. Anayesomeka naye ana tabu yake: mteja anayekulipa kwa USDC, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, anaona salio lako lote, kama bosi aliyekutumia mshahara kwa M-Pesa akaondoka na stetimenti yako ya miaka mitano. Tenga pochi ya kazi na ya nyumbani, na usiihamishie moja pesa kutoka nyingine, kwa sababu uzi mmoja tu unaziunganisha milele.

Jina ni suala jingine. Mara nyingi hupatikana kwenye muamala wa kwanza kabisa, pesa ya gesi ilipotoka kwenye soko la sarafu linalodai kitambulisho. Penye mlango huo uliofungwa, wasifu hubaki bila sura. Mwaka 2013 mtafiti Sergio Demian Lerner aligundua mtindo mmoja wa hesabu uliojirudia katika bloku za mwanzo za Bitcoin, akakadiria kwamba mchimbaji mmoja (anayelipwa bitcoin mpya kwa kompyuta yake kuongeza bloku) alijikusanyia takriban bitcoin milioni moja. Wengi wanaamini ni Satoshi Nakamoto, jina la bandia la aliyebuni Bitcoin. Jinsi mashine yake ilivyohesabu tunaijua. Yeye mwenyewe bado hatujui ni nani.